Herufi Chini ya Mshale

4 Februari

Kitindamimba wangu,

Hujambo, na hicho kifua kimetulia na baridi ya huko? Mimi ni mzima. Magoti tu ndiyo hunung'unika asubuhi, nikishaanza kazi yananyamaza yenyewe. Nakuandikia kwa sababu simu ya nyumba hii siku hizi inalala chumbani kwa kaka yako, na nikiongea anasimama mlangoni utadhani ananukuu.

Anataka Nyigu auzwe. Anasema mwanamke wa miaka sitini na minane hana kazi na gari la mbio la milango miwili, tena kuukuu. Ananiambia hayo mimi, niliyefundisha nusu ya mji huu kuendesha, yeye mwenyewe akiwemo. Na aliyegonga ukuta wa posta siku ya mtihani ni yeye.

Tangu baba yenu atutoke, kaka yako amechukua simu, amechukua ufunguo wa sanduku la barua, hata dawa zangu anazihesabu yeye. Nimemwachia. Nyigu simwachii. Huyo nilimnunua kwa jasho langu, siku niliyostaafu.

Sababu aliyoishika ni ile turbo, ile inayompa Nyigu kasi, iliyoungua mwaka jana. Fundi Kobe, unamkumbuka, yule asiyeharakishwa na mtu, alisema mafuta ya injini yalipata moto kupita kiasi nami sikujua, maana mbele yangu kuna mshale wa joto la maji tu. Sasa kila akija mgeni, kaka yako anamhadithia kwamba mama haoni hatari. Wewe unatengeneza mabasi huko. Nitafutie kitu kitakachonionyesha joto la mafuta, nimnyamazishe kwa namba.

Mama yako


16 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Kifua kimepona, usiwe na wasiwasi. Hayo magoti uyafunge kitambaa kabla ya kulala, usijifanye msichana. Barua yako nimeisoma nikiwa nimelala chini ya basi, nikacheka mpaka msimamizi akainama kuangalia kama nimeumia.

Usimuuze. Nakutumia geji ya joto la mafuta. Nimeipata kwenye rafu ya vipuri vya zamani, nimeijaribu, inafanya kazi. Fundi Kobe afunge kile kichwa chake kidogo cha kupimia chini ya injini, pale mafuta yanapokaa.

Mshale wa maji usikudanganye. Maji hupata moto mapema, mafuta huja nyuma taratibu. Usimkanyage Nyigu kabla mafuta hayajafika themanini. Akitembea vizuri atakaa kati ya tisini na mia na kumi. Akipita mia na thelathini, simama. Na ukifika nyumbani usizime hapo hapo. Mwache angurume dakika mbili, ili mafuta yasije yakaungulia ndani ya turbo.

Na kaka mwambie mdogo wake wa kike anashinda chini ya mabasi kutwa, na hajauzwa.

Mwanao, Kitindamimba


9 Machi

Kitindamimba wangu,

Marahaba. Natumaini hujambo. Mimi mwili haujambo, ila moyo umechafuka.

Geji ilifika, Fundi Kobe akaifunga. Mwanangu, mshale unapita mia na thelathini kabla sijafika geti la shule. Nasimama, nangoja ushuke, nawasha, unapita tena. Wiki nzima nimekuwa mtu wa kuegesha tu. Fundi Kobe alichomoa kijiti cha mafuta, akanusa, akasugua kwa vidole, akasema haya mafuta hayajaungua, yeye haelewi.

Jumapili nikashikwa na hasira. Nikampakia kaka yako, nikapanda naye ule mlima wa tangi la maji bila kusimama. Mshale ukaenda mpaka mia mbili na ishirini. Akaniambia, "Mama, maji yanachemka kwa mia. Hii ni mia mbili na ishirini. Unataka kutuchoma?"

Nikageuza gari, nikarudi nyumbani, nikamkabidhi ufunguo. 

Mnunuzi anakuja Jumamosi tarehe thelathini. Ufunguo anao kaka yako. Nimeona aibu, kwa sababu nilitaka namba na namba zimenigeuka. Kama kweli nimezeeka, niambie wewe. Wewe nitakuamini.

Mama yako


19 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Hali yako sikuulizi, nimeijua. Barua hii naipitisha gereji kwa Fundi Kobe. Nimepiga simu mara tatu, na mara tatu kaka ameniambia umejipumzisha.

Hujazeeka. Kosa ni langu. Angalia chini ya mshale, kuna herufi ndogo. Kama ni F, geji hiyo inapima kwa Farenhaiti, kipimo cha wenzetu wa nchi nyingine, nami niliichukua rafuni bila kuitazama usoni. Kwa kipimo hicho maji yenyewe huchemka kwa mia mbili na kumi na mbili. Ile mia mbili na ishirini iliyokutia aibu ni mia na nne ya kwetu. Hapo ndipo Nyigu anapotakiwa kuwa. Pale kwenye geti la shule ulikuwa unamsimamisha angali baridi.

Kumbuka namba mbili tu: mia na themanini, kanyaga. Mia mbili na sabini, simama.

Kinachoniuma ni kaka. Macho yake ni mazima. Herufi aliiona, kwa nini hakusema? Chukua ufunguo wako, mama.

Mwanao, Kitindamimba


1 Aprili

Kitindamimba wangu,

Marahaba, mwanangu, marahaba mara mbili. Mimi sijambo, na hata magoti hayasemi kitu.

Fundi Kobe aliileta barua Ijumaa, na safari hii alikuja anakimbia. Jumamosi mnunuzi akafika na viatu vyake vya kung'aa. Nikamwambia kaka yako anipe ufunguo, gari halinunuliwi likiwa limelala. Mnunuzi nikamkunja kwenye kiti cha nyuma, kaka yako akakaa pembeni yangu. Kabla sijawasha nikamwambia, "Soma herufi iliyo chini ya mshale."

"F."

"Maana yake nini?"

"Si ya 'full', ya kujaa, mama? Si geji ya mafuta hii?"

Nilicheka mpaka nikalalia usukani. Nilikuwa nimejiandaa kumlaani kwa kunificha, kumbe mtoto wa watu hajui. Nikamweleza kwamba haya ni mafuta ya injini, si ya tangi, na kama kweli ingekuwa ya kujaa, tangu lini mtu akauza gari kwa sababu lina mafuta tele. Halafu nikamweleza Farenhaiti, mbele ya mgeni wake.

Nikaondoka polepole mpaka mia na themanini. Kisha nikamkanyaga Nyigu. Mlima ule tuliupanda turbo ikilia, mshale ukaenda mia mbili na ishirini ukakaa hapo hapo. Kule juu mnunuzi aliomba kushuka, akasema atarudi mjini kwa miguu.

Tulipofika nyumbani kaka yako akanyoosha mkono azime. Nikauchapa. "Ngoja. Dakika mbili."

Tukangoja, injini ikinguruma. Ndani ya dakika hizo akaniambia anaogopa. Anasema tangu ile simu ya msiba wa baba yenu, kila nikichelewa kurudi anaitazama simu akingoja iite. Niliumia kusikia hivyo, nikamshika bega. Nikamwambia woga huo tutaubeba wote wawili, lakini gari ni langu, na simu itakaa sebuleni. Akakubali. Nikazima mwenyewe, ufunguo nikautia kifuani.

Sasa nikwambie wewe peke yako. Herufi ile sikuiona, na hata baada ya barua yako sikuiona. Ndiyo maana nilimwambia yeye aisome. Mbali nasoma namba za gari hatua hamsini, karibu, namba kubwa za geji na mwandiko wako nazitambua, ila herufi ndogo ni ukungu mtupu. Jumatano naenda kupimwa miwani. Kaka yako amesema atanipeleka.

Nimemwambia akae pembeni. Nitaendesha mimi.

Mama yako