Ausi bin Amiri wa Likunja, Mtu wa Chai

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ya Jumatatu ulipokunywa kikombe cha pili hadi nusu, ukasema umechoka kidogo, ukajinyoosha barazani na hukuinuka tena. Kikombe kilibaki na chai. Tunalisema hilo mwanzoni kabisa, ili asiyetaka kusikia neno chai aishie hapa na asitusumbue.

Wenzako walirudi kutoka kazi ya mashamba ya karanga ya Wazungu huko Nachingwea na baiskeli, wengine na makoti. Wewe ulirudi na debe lenye mpini wa waya na ujuzi wa kuchemsha chai ya watu mia mbili. Tangu mwaka wa arobaini na nane ulikuwa mpishi wa chai kambini, na madereva wa matrekta hawakupanda vyombo vyao mpaka umewagawia. Kazi ilipofungwa na wakubwa wakaondoka, watu wa huku walikucheka. Walisema Wazungu wamekwenda zao wamekuachia tabia. Ulikuwa unawajibu kwamba zilizoshindwa ni karanga, chai haikushindwa, kisha unawauliza kama watakunywa au wataendelea kusema. Walikunywa.

Ulilima korosho na ufuta kama kila mtu, na hukuwa mvivu. Lakini jua likianza kupungua ulikuwa barazani, birika motoni, na mtu akija alikuta sheria moja. Hakumiminiwa kabla hajasema yeye na chai wanajuanaje. Hiyo ndiyo ilikuwa hodi ya nyumba yako, na watu walitoka Nambilanje kwa miguu kuja kuisema.

Rafiki yako Linus, uliyekuwa naye kambini, alisema yeye na chai wamefunga ndoa ya kanisani, haina talaka. Mkewe, Letisia, alisema kwake chai ni dada asiyesimulia mtu habari alizoambiwa. Mwalimu Swalehe wa chuo cha Kurani kila siku alisema yeye ni mgeni tu, anapita. Alipita hivyo miaka sita bila kukosa, na kikombe chake kilikuwa na msumari wake ukutani.

Na wewe, ukiulizwa kama unapenda chai, ulikataa. Ulisema kupenda ni kwa mtu anayeweza kuacha. "Mimi ni mtu wa chai," ulisema, "kama wewe ulivyo mtu wa Naipingo. Nani alikuuliza kabla hujazaliwa huko?" Siku moja ulijisahau ukasema chai ndiye mke wako mkubwa. Mama akasikia kutoka ndani. Akatoka, akakuwekea kinu na mchi mbele yako, akasema, "Basi leo mwambie mke mkubwa akutwangie." Ulitwanga, Baba, na Linus alicheka mpaka akamwaga kikombe.

Maana Mama hakuwa mtu wa chai. Mama ni mtu wa uji, na hakuwahi kuficha. Chai aliipika kwa sababu ni wewe, akaijua kwa mkono bila kuijua kwa ulimi. Alijua tangawizi unayotaka ni ya ukubwa gani na majani yachemke mpaka rangi ipi. Hilo tunataka lijulikane kabla hatujasema linalofuata.

Tabibu wa dispensari alikusikiliza kifua, akasema moyo umechoka, uache chumvi na uache chai. Chumvi uliiacha siku hiyohiyo. Mama alichukua majani yote akayaficha ghalani, chini ya gunia la ufuta, na birika akalifunika kwa ungo. Hukugomba. Afadhali ungegomba. Siku kumi na moja uliketi barazani mikono juu ya magoti, wageni wakaja wakakaa kidogo wakaondoka, ukala kila ulichopewa na kushukuru kwa upole ambao Mama aliuogopa. Alimwambia Kulthumu, binti yenu, kwamba nyumbani kwake sasa kuna mzee wa watu asiyemjua.

Siku ya kumi na mbili ulitoka shamba, ukasimama nje ya mlango wako mwenyewe, ukapiga hodi.

"Karibu," Mama akajibu bila kutazama. "Nani?"

"Mpita njia, mama. Natafuta nyumba ya Ausi, yule anayekunywa chai. Nimeambiwa iko hapa Likunja."

Mama alisimama pale na mwiko mkononi. Alicheka, halafu akalia, halafu akakuambia wewe ni mshenzi. Akaenda ghalani. Mlikubaliana vikombe vitatu kwa siku badala ya tisa, na siku hiyo chai ilinukia ufuta mpaka Mwalimu Swalehe akauliza kama ni dawa. Baada ya hapo uliishi miezi saba. Ulipalilia mikorosho, ulimwoza binti yako Biasha, uligombana na Linus na mkapatana mara tatu.

Kisha Jumatatu ile.

Watu walikuwa bado hawajakaa sawa mikekani wakati Shangazi Mwantumu, dada yako wa tumbo moja, alipofika kutoka Nambilanje. Akina mama walikuwa wamechemsha chai ya waombolezaji kwenye debe lako lile la kambini. Shangazi alilishika kwa kanga akalimimina lote uani. Akasema mbele ya watu wote, "Wifi, umemuua ndugu yangu kwa kikombe." Mama alikuwa ndani, na maneno yalimfikia kama yalivyo.

Mnajua kwetu neno la dada juu ya kaka yake lina uzito gani. Watoto ni wa upande wa mama, mume huja kukaa kwa wakweze, na akifa, ukoo wake ndio unaouliza amekufaje. Basi ukoo wa Baba uliuliza, na haukungoja kujibiwa. Waombolezaji walikunywa uji. Tangu siku hiyo barazani hapakuwashwa moto. Watu wa chai walipita njiani wakiangalia upande wa pili, si kwa ubaya, kwa haya tu. Linus alikuja mara moja, akakaa, akaambiwa hakuna, akasema hata hakuwa na kiu. Alikuwa nayo.

Na Mama, ambaye hakuwa mtu wa chai, akaanza kunywa. Alichemsha nyuma ya jiko, kidogo, akainywa amesimama, akasuuza sufuria upesi. Sisi tulijua kwa harufu tukanyamaza. Mwanamke mzima, mkono wake umepika chai miaka tisa tangu urudi kutoka kambini, anajificha nyumbani kwao kama aliyeiba! Alikuwa anajiuliza kila siku swali moja, na hakuthubutu kulitoa mdomoni: je, wifi anasema kweli?

Mwezi uliopita ukoo wako ulikaa hapa nyumbani kupanga hitma yako. Shangazi alitangulia kusema. Wali upikwe, mbuzi achinjwe, lakini chai isiwepo, wala jina la chai lisitajwe, kwa heshima ya marehemu. Wazee wakaitikia. Ilikuwa imebaki kuondoka tu. Mama alikuwa nyuma na wanawake, na mwaka mzima hakuwa amesema neno kikaoni. Akasema, "Ngojeni."

Alikuja mpaka mbele.

"Nilimpa," akasema. "Kila kikombe nilikitia kwa mkono huu, na tabibu alikuwa amenikataza, na nilisikia vizuri. Zile siku kumi na moja nilizomnyima nilikuwa na mgonjwa ndani. Miezi saba niliyompa nilikuwa na mume. Wifi, kama huko ndiko kuua, basi nimeua, niandikeni hivyo. Lakini hitma ya Ausi bila chai ni hitma ya mtu mwingine, nendeni mkaifanye kwingine. Hapa nyumbani kwetu naipika mimi."

Shangazi alisema Mama hana adabu. Mama akasema ndiyo. Mwalimu Swalehe, mgeni anayepita, akaomba aruhusiwe kuchangia majani.

Kwa hiyo tunatangaza. Hitma ni Jumapili ijayo, nyumbani Likunja, baada ya adhuhuri. Debe lile tumelisugua kwa mchanga na majivu, halivuji. Watu wa Nachingwea na Ruangwa, Waislamu na Wakristo, mliokuwa mnapita njiani mkiangalia kando, njooni na vikombe vyenu, maana vya ndani havitatosha. Anayesema chai ilikuua aje pia. Ataelezwa kwa upole, na akitaka ukali upo.

Hatusemi tabibu alikosea. Tunasema uliambiwa ukasikia, ukachagua kwa akili yako timamu, na mke wako hakukuacha uchague peke yako.

Wanaokukumbuka ni mke wako Sabaha, wanao Kulthumu, aliyeandika haya, Yunusi na Biasha, mkweo, mume wa Biasha, Kaimu, anayejifunza kunywa, rafiki zako Linus na Letisia, Mwalimu Swalehe. Na dada yako Mwantumu. Alimtuma mtu juzi kutuambia jina lake tusithubutu kulitia kwenye karatasi yenye habari za chai. Tumelitia. Ni dada yako, alikulilia kuliko sisi sote, na Mama amesema mkeka wa mbele ni wake, anywe asinywe. Tutakukumbuka siku zetu zote, Baba, wala kwa hilo hatumwombi mtu ruhusa.