Mke wa Chemutai

Bomet, 4 Juni 1956

Mwanangu Bethwel,

Chamgei. Sisi hatujambo, ila dada yako Chepkirui kifua kinambana. Wewe najua hujambo, watu wa ofisi hawaugui.

Nilimbeba mgongoni mpaka hospitali. Karani akasema serikali inawalipia mke na watoto wa mwanamume anayelipa kodi, basi mume wangu ni nani? Nikamtajia Chemutai. Akacheka: "Mama, huyo si mwanamke?" Mkipsigis mzima! Kwani hajui mjane asiye na mwana huoa mke, apate mrithi? Mrithi mwenyewe ni wewe, na sheria ile ukutani ina jina lako chini. Nimeona aibu kukuzaa.

Mama yako,
Yunia

Kericho, 11 Juni 1956

Mama,

Salamu. Natumaini mtoto ana nafuu. Lugha yako haikunipendeza.

Nilipoandaa sheria ya malipo, mabwana waliniuliza kama huku kwetu kuna ndoa za namna nyingine. Nilisema hakuna. Ulitaka Wazungu wanicheke? Andikisha jina la baba mdogo Johana, useme ndiye mumeo. Ni rahisi.

Mwanao,
Bethwel

Bomet, 20 Juni 1956

Bethwel,

Tunapumua. Niitwe mke wa Johana, na Chemutai aliyetoa ng'ombe kwetu ameketi hapa jikoni akisikia? Sikusema, na sitasema. Mtoto ametibiwa, Chemutai amelipa. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo.

Mama yako,
Yunia

Kericho, 2 Februari 1957

Mama mpendwa,

Chamgei sana! Habari za afya, mvua, na Chepkirui wetu? Mimi ni mzima, na nimepandishwa cheo.

Nimepata mchumba, Marcella wa Kaplong. Wazazi wake wanataka kumwona baba yangu na kusikia habari za ng'ombe wa mahari. Tafadhali, mwambie Chemutai aje na wazee Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Asikose, mama. Bila yeye hawanipi binti.

Mwanao akupendaye,
Bethwel

Bomet, 10 Februari 1957

Bethwel,

Hatujambo. Chepkirui anakimbia na mbuzi siku nzima. Ng'ombe wako wa mahari, waliouzwa kulipa hospitali, ndio waliomponya.

Nilimsomea Chemutai barua yako. Alilia, na sijawahi kumwona akilia. Kisha akasema, "Mwambie mimi ni mwanamke tu."

Andikisha jina la Johana. Ni rahisi.

Mke wa Chemutai,
Yunia