Unyoya Hauna Miiba

Mjukuu wangu Salma,

Asalaam aleikum. Huku Thamesmead sote wazima. Mama yako yuko mbioni na shifti zake za hospitali, na mimi goti tu ndilo linalonikorofisha. Umeniandikia kuwa huko Leeds mikutanoni hufungui mdomo, maana wenzako wanajua zaidi. Basi nisikilize.

Miaka yangu ya mwanzo hapa Landani, baada ya kutoka Unguja, nilikuwa nafagia jumba la makumbusho. Siku moja nikamkuta mtaalamu anasafisha picha ya kale iliyoingia weusi. Ilikuwa ya mwanamke mtakatifu wa Kikristo, kashika kitu kirefu. Akaniambia ni unyoya wa kuandikia, kwa hiyo bibi huyu alikuwa msomi.

"Hilo kuti la mkindu," nikamwambia. "Hivyo vidoa chini ya vidole vyake ni miiba. Unyoya hauna miiba."

Akacheka. Lakini mimi nimechana ukindu wa mikeka na marehemu mama yangu tangu utotoni, na miiba ile imenitoa damu. Sikuondoka.

Akachovya pamba, akafuta polepole. Miiba ikatokea, mmoja mmoja, na kuti likang'aa kijani.

Akaiweka pamba chini, akanieleza kuwa kuti lile huchorewa aliyeuawa kwa imani yake. Ni alama ya ushindi.

Akanisogezea kiti. "Kaa, mama. Unaona nini kingine?"

Nikauegemeza ufagio ukutani, nikakaa. Sakafu ile siku ile haikufagiwa.

Bibi yako akupendaye