Mwalimu Maxwel Wasike: Ile Hesabu ya Nekesa Ilitoka

Mwaka umetimia, Baba, tangu ututoke. Tulikuzika nyumbani Bahati, lakini hapa Rhonda bado kuna watu hubisha hodi wakimuulizia mwalimu wa tuition. Tukiwaambia hauko tena, wengine huingia tu, wakanywa chai, wakaenda zao.

Ulistaafu shule lakini kazi hukuiacha. Watoto walikuja kutoka Milimani na viatu vya kung'aa, wengine wakatoka hapa mtaani na ndala, ukawabana wote kwenye benchi moja. Mkifika kwenye sine na cosine ulikuwa na sheria yako. Ukiambiwa uthibitishe kwamba pande mbili ni sawa, unashika upande mmoja tu, ule mgumu, unaufanyia kazi mpaka ufanane na mwenzake. Wao walipenda kuhamisha vitu huku na huku. Basi ulivua kofia ukaufunika ule upande rahisi, wa kulia ubaoni. “Huyu amelala,” ulisema. “Usimwamshe.”

Na kelele zako, jamani! Mama alikuomba upunguze sauti, ukamuuliza kama cosine husikia ikinong'onezewa.

Mmoja tu hakukalia benchi lile: kitinda mimba wako, Nekesa. Alisema hawezi kufundishwa na mtu anayemsikia akikoroma. Akapata D ya hesabu kidato cha nne, na ile hamu yake ya kusomea famasia ikagonga ukuta. Hukumgombeza, ila uliumia, na sote tuliona.

Kisha moyo wako ukaanza kusumbua, na yeye ndiye aliyekupa dawa. Asubuhi moja ulimnasa.

“Nekesa, nimemeza miligramu themanini saa mbili hii. Kila baada ya saa sita, nusu ya dawa iliyo mwilini inaisha. Saa mbili usiku niko na ngapi?”

“Si zimeisha, Dad? Forty, halafu forty ingine. Zero.”

“Zero! Wewe unataka kuniua na hesabu? Ya pili inakata nusu ya ile imebaki!”

Akafikiri. “Twenty.”

“Na saa nane ya usiku?”

“Ten. Aki Dad, kwani hii kitu haiishi?”

Ulicheka mpaka ukakohoa. Kesho yake alikaa kwenye benchi bila kuitwa, na akajiandikisha kurudia mtihani. Hatujawahi kukuona na furaha kama ya miezi ile.

Ulituacha Oktoba, mtihani ukiwa mlangoni. Watu wazima walimhurumia, wakasema msichana apumzike, atafanya mwaka mwingine. Akawajibu kwa heshima, “Nitaandika paper. Dad hakunifunza ndio nikae nyumbani.” Siku ya hesabu alitoka kwenye chumba cha mtihani akampigia Mama simu: “Mathe, ile ya sine imetoka! Nilifunika upande moja na mkono!”

Tukangoja matokeo tukiwa na roho mkononi. Yalipokuja Januari, Mama alipiga nduru. Nyumba iliyofiwa juzi ikipiga nduru, mtaa mzima hukimbia. Jirani yetu Mama Cheruto alifika bila viatu, machozi tayari yakimtoka.

“Ni nani tena? Ni nani ametuacha?”

“Hakuna mtu amekufa!” Mama akamshika mabega. “Ni Nekesa! B plus ya hesabu!”

Baba, ungesikia vigelegele vile! Waliokuja kulia walicheza mpaka barabarani, na Mama Cheruto hakukumbuka viatu vyake hadi jioni.

Nekesa ameanza masomo ya famasia Septemba hii. Tunakulilia bado, lakini leo tunakuringia pia.

Tunaokukumbuka ni mkeo Edinah, wanao Barasa na Nekesa, mkaza mwanao Jebet, wajukuu zako, dada yako Nasimiyu wa Bahati, na wote uliowabana kwenye benchi lako.

Mwalimu, umeshinda. Siku zote tutakukumbuka.