Simu Kwenye Kiti cha Mama

4 Machi

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Hapa kwa dada yako tunaendelea vizuri, ila miguu imegoma kabisa. Jumapili nafuata ibada kwenye simu kama ulivyonielekeza. Mahubiri nayasikia vizuri kuliko nilipokuwa nakaa pale kanisani, kiti cha dirishani. Lakini watu mmewapeleka wapi? Simsikii fundi cherehani akikohoa. Simsikii yeyote akiimba, ila kwaya. Naona kama mchungaji anahubiria viti, na mimi si wa kanisa tena, ni msikilizaji tu.

Mama yako

15 Machi

Shikamoo Mama,

Sisi wazima, pole na miguu. Watu wapo, ni mimi ninayewatoa. Kelele zote nazichuja kwenye mitambo, maana wanaotusikiliza kutoka mbali wanataka sauti safi. Mchungaji mwenyewe ananisifu. Usinikasirikie, ndiyo kazi yangu.

Mwanao

18 Mei

Shikamoo Mama,

Umenyamaza mno. Dada ameniambia siku hizi ibada ikianza unazima simu na kugeukia ukutani. Imenichoma. Nimeongea na mchungaji. Jumapili hii nitaweka simu kwenye kiti chako na kukupigia, utusikie tulivyo.

Mwanao

22 Mei

Marahaba mwanangu,

Leo sina ugonjwa. Nimemsikia fundi cherehani! Kikohozi ni kilekile, na bado anavamia ubeti kabla ya wenzake. Nilicheka mpaka dada yako akaja kuangalia kuna nini. Kisha nikaimba nanyi, ingawa najua hamnisikii.

Mama yako

23 Mei

Shikamoo Mama,

Tulikusikia. Nilisahau kuzima spika ya simu. Sauti yako inachelewa njiani. Tukimaliza mstari ndipo nawe unafika. Mwanzoni watu walitazamana. Ubeti wa pili, bila kuambiwa na mtu, wakawa wanakungoja umalize ndipo waendelee. Hata fundi cherehani alingoja. Wasikilizaji wa mbali wanalalamika tunakokota nyimbo. Mchungaji amesema watazoea, na simu ibaki hivyohivyo.

Mwanao

21 Agosti

Mama,

Leo sikuulizi hali. Tumekuzika Alhamisi, na mkono bado umezoea kukuandikia.

Asubuhi niliondoa simu kwenye kiti chako. Wimbo ukaanza. Mstari wa kwanza ulipoisha, kanisa zima likanyamaza, likangoja. Wakaimba wa pili, wakangoja tena.

Zamani ningeukata ukimya ule kabla haujaenda hewani. Sikuukata.

Mwanao