Vidonge Kumi na Sita

Mkuu, Rombo, 2 Desemba 2024

Dada Winfrida,
Shikamoo. Maabara huko Moshi inakwendaje? Huku wazima, isipokuwa bibi. Mguu aliojikata kwa mundu akimkatia ng'ombe mgomba umevimba tena.

Nakuandikia ujumbe wa simu kwa sababu nikipiga atasikia. Alipewa vidonge vya siku saba. Siku ya tatu maumivu yakaisha, na ng'ombe akavimba kiwele. Bibi akafungua vidonge kumi na sita vilivyobaki, akachanganya unga wake na mafuta, akampaka. "Mimi nimepona, mgonjwa ni huyu." Mimi nilishika bakuli. Kuna hatari?

Mdogo wako,
Aikaeli

Moshi, 2 Desemba

Mdogo wangu,
Marahaba. Nimesoma mara mbili, nimeogopa.

Bakteria hubeba DNA yake kama uzi uliojifunga duara. Akikua anaunakili, nakala moja huvutwa upande huu, nyingine ule, kisha hujenga ukuta katikati. Wamekuwa wawili. Wakishiba, huanza kunakili tena kabla ya nakala ya kwanza kuisha. Binti anazaliwa tayari ameanza kutengeneza wajukuu. Hapa mezani kwangu, nusu saa inawatosha kugawanyika.

Dawa ya bibi huharibu ule ukuta. Siku tatu huua wengi, hubaki wagumu. Mpeleke kesho, useme dawa ilikokwenda.

Dada yako

Mkuu, 3 Desemba

Dada,
Shikamoo. Umeamkaje? Mimi nimehesabu nusu saa hadi asubuhi.

Zahanatini nesi aliuliza, "Bibi, dawa ulimaliza?"
"Zote, mwanangu."
Kwenye benchi walikaa mama wawili wa usharika wetu. Ningemuumbuaje? Nikatazama viatu vyangu. Tumepewa dawa ileile.

Mdogo wako

Moshi, 4 Desemba

Aikaeli, mbona ulinyamaza mbele ya nesi? Aibu ya bibi itapita. Mguu ukikatwa hauoti tena. Sema!

Dada yako

Hospitalini, Rombo, 5 Desemba

Dada,
Shikamoo. Pole kwa kukuacha na wasiwasi. Jana homa ilipanda, bibi akawa anamwita marehemu babu. Leo alipozinduka nilimweleza daktari yote, mbele yake.

"Kumbe wewe ndiye wa kuniumbua," bibi akasema. Tangu hapo nikimwamkia haitiki. Usaha wake unaletwa kwenu.

Mdogo wako

Moshi, 7 Desemba

Mdogo wangu,
Mmeamkaje? Usaha niliupanda mwenyewe kwenye kisahani, nikaweka juu yake vipande vya dawa mbili. Kuizunguka dawa ya kwanza, ile ya bibi, bakteria wameota hadi ukingoni mwake. Kuizunguka nyingine pamebaki peupe, hawakuota. Nimempigia daktari, aanze sasa hivi. Je, vidole vya mguu vina joto?

Dada yako

Rombo, 8 Desemba

Dada,
Shikamoo. Vidole viwili bado ni vya baridi. Homa ipo. Ameandikiwa sindano tatu kwa siku, siku saba. Shikamoo yangu hajaiitikia.

Ila nesi alipoleta sindano akauliza ni ya ngapi, bibi alininyooshea kidole bila kunitazama. "Muulize huyo. Ndiye mwenye hesabu."

Nikasema kwa sauti, wodi nzima ikasikia: "Ya tatu. Zimebaki kumi na nane."

Mdogo wako,
Aikaeli