Venia Uliyoichora Ubaoni

Mwalimu,

Sikuamkii. Najua ulivyotulea: mtoto akipita bila shikamoo unamwita arudi, aanze upya kutoka mlangoni. Leo niite basi. Nimepita.

Ni mimi Minza, yule wa dawati la mbele karibu na dirisha, uliyekuwa ukimwita ng'wanone, mwanangu, kila alipopata jibu. Niko hapa shuleni, ndani ya maabara yako, nimekalia stuli yako, na kabati lako liko wazi milango yote miwili. Natumaini inakuuma.

Ngoja nikueleze nilivyoaibika, maana uliondoka kabla sijakupa habari.

Siku ya kwanza ya maabara ya fizikia chuoni Dar, tulikuta mezani kigololi cha chuma, uzi, saa ya kupimia sekunde na vidude vingine. Kazi ya kwanza ilikuwa kupima unene wa kigololi kwa venia. Mwalimu, mimi venia naijua. Naweza kuichora nimefumba macho, na taya zake na mistari yake yote, kama ulivyoichora wewe. Basi nikaanza kuitafuta. Nikainama chini ya meza, nikaangalia ukutani, nikaenda mpaka kwenye kona walikoegemeza mbao. Mwenzangu wa meza, kijana aliyesoma shule zenye kila kitu, akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia venia. Akainyanyua kutoka mbele yangu. Kitu cha kuenea kiganjani. Nilikuwa nimekisogeza pembeni nikidhani ni spana ambayo fundi ameisahau.

Wewe uliichora kutoka mwisho huu wa ubao mpaka mwisho ule. Tangu Kidato cha Kwanza hadi cha Sita niliamini venia ni kitu cha kubebwa na watu wawili. Meza yetu ilicheka, na ya jirani ikacheka. Yule kijana akanibatiza jina la Venia, likashika mpaka bwenini.

Hilo ningelisamehe. La pili siwezi. Tuliambiwa tufunge kigololi kwenye uzi, tukiache kibembee, tupime muda, tutafute ile namba ya mvutano wa dunia. Nikafanya ulivyonifundisha. Nikashika kalamu nikajaza jedwali lote, kwa mwandiko mzuri, uzi ukiwa bado haujafungwa. 9.8 ikatoka safi. Si ndivyo tulivyofanya praktiko kwako? Unaandika vipimo ubaoni, tunanakili, tunachora grafu, jibu linatoka kama lilivyo kitabuni, unatuambia tujipigie makofi. Hata kwenye mtihani wa taifa tulifanya ile karatasi ya shule zisizo na vifaa. Sikujua kama nadanganya. Nilidhani praktiko ndiyo hiyo.

Mwalimu wa maabara, mama mmoja mpole, alisimama nyuma yangu. Akaangalia jedwali, akaangalia kigololi kilicholala mezani. Akauliza, "Hivi vipimo umevitoa wapi?"

Nikamjibu kwa heshima zote, "Kwa mwalimu wangu."

Alinipa sifuri. Somo lote nikaanguka, nikapewa sapu, mtihani wa kurudia, na ukianguka tena unadisko, unarudishwa kwenu na sanduku lako. Na baba alikuwa amekwisha kuwatangazia watu wa mnadani wote kwamba binti yake anasoma Dar.

Likizo nikapanda gari kuja Bariadi na jambo moja kichwani: nikukute, nikuulize. Nilipanga maneno tangu Shinyanga, na kufika Maswa nilikuwa nimeyapanga vizuri, makali. Nikashuka stendi, mama akaniambia umekwisha kuzikwa kwenu Mwamapalala. Hata hapo ulinikwepa.

Mkuu wa shule akaniita. Mkeo alikuwa amerudisha funguo zako, na hapakuwa na mtu anayejua majina ya vitu vilivyomo kabatini. Miaka yote ulituambia kabati lile lina chupa tupu na dawa zilizoharibika, tusiliguse litatuunguza. Nikalifungua.

Mwalimu. Venia, wala si moja. Saa za sekunde. Amita, lenzi, mizani za springi, vipimajoto kwenye vikasha vyake. Vyote vimeviringishwa karatasi, vyote vinang'aa. Nilikaa chini sakafuni. Nililia, lakini sikukulilia wewe, lijue hilo. Ungekuwa hai ningekutia makofi, mimi niliyekuwa nikikubebea madaftari.

Nilipokwenda kumpa pole mkeo ndipo nikapata habari kamili. Kila Jumapili baada ya misa ulikuwa unakuja hapa peke yako, unavitoa kimoja kimoja, unavifuta kwa kitambaa, unavirudisha. Alisema ulikuwa na hofu, kila mara unauliza vikipotea au vikivunjika nani atalipa. Ushirika wa pamba ulipoyumba watu walibeba mpaka mabati ya maghala, mizani za umma zikaonekana kwa wanunuzi binafsi wa pamba, walimu wenzako wakaacha chaki wakaenda kuuza mitumba. Wewe hukwenda popote, na hukuuza hata skrubu. Nakubali. Ulikuwa mwaminifu, na hilo ndilo linalonikera zaidi. Ungekuwa mwizi ningekutukana tukamalizana. Lakini sisi tulikuibia nini? Tulikuwa watoto. Ulitufungia kufuli lilelile ulilowafungia wezi, kisha ukatuchorea picha.

Na ulikuwa unaweza. Nakumbuka siku moja ya mvua, bati linapiga kelele hatusikii neno. Uliweka chaki chini, ukafunga jiwe kwa kamba, ukalitundika kwenye boriti, ukalisukuma. Tulilitazama likienda na kurudi, darasa zima, mpaka mvua ikakatika. Hukuandika kitu. Ulikuwa unatabasamu. Kwa nini ikawa siku ile tu?

Likizo ile nilishinda humu. Nilipima kila kilichonijia mkononi, msumari, mbegu ya pamba, kidole changu mwenyewe. Nikatundika jiwe kwenye boriti ileile. Nikapata 9.4. Nikarudia, nikapata 9.6. Mkono uliniwasha niandike 9.8, maana mkono huu uliufundisha wewe, lakini nikaiacha namba ilivyo. Kwenye sapu nilipata namba mbaya vilevile, nikaiandika, na chini yake nikaeleza ubaya wake umetoka wapi. Yule mama alisoma, akaniambia, "Sasa hapa umepima mwenyewe." Nikafaulu.

Mwaka umepita. Nimeomba nifanyie mazoezi ya kufundisha hapa, wamenikubalia. Nilipofika nikakuta kabati limefungwa tena. Nikamwambia mkuu wa shule nataka watoto wavitumie. Akasema maneno yako, hata sauti aliifananisha na yako: "Vikivunjika nani atalipa?" Nikamwambia nitalipa mimi. Akaleta karatasi nikatia saini. Kabla ya kuweka jina langu nilirudi kabatini nikavihesabu vyote upya, na hapo nikakuelewa kidogo. Kidogo tu, usifurahi.

Kesho asubuhi wanaingia Kidato cha Pili. Ubaoni sitachora kitu. Kila mtoto nitampa chombo akishike, na nawajua watoto wetu hawa, mikono yao imezoea jembe na fimbo ya kuchungia. Watadondosha. Nakuahidi, Mwalimu, vitu vyako vitavunjika.

Siku kitakapovunjika cha kwanza sitampiga mtu. Nitaokota vipande, nitavifunga kwenye kile kitambaa chako ambacho bado kinaning'inia mlangoni mwa kabati, nitaazima baiskeli nije Mwamapalala. Nitakiweka juu ya kaburi lako ukione. Kisha nitarudi nyuma mpaka njiani, nianze upya kama ulivyotufundisha, na nitakuamkia.

Hadi siku hiyo, kwa heri tu.

Minza